Historia Yako ya Mikopo Imeanza Kitambo

Ukimwuliza komredi wa mwaka wa pili kama ana historia ya mikopo, atakucheka. Historia gani na hata payslip hana? Lakini kama aliwahi kukopa M-Shwari hata 500 bob, anayo.

Marekani, mwanafunzi huanza na kadi ya mkopo yenye kikomo kidogo. Ananunua vitu vya kawaida, analipa yote kabla ya tarehe, na baada ya mwaka mmoja au miwili benki inamjua. Hapa Kenya benki ikikupa kadi kama hiyo mara nyingi itataka kwanza kuona mshahara, au uweke pesa zako kama dhamana. Kwa hiyo wengi wetu tunaanzia kwenye simu. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019, na Hustler Fund Novemba 2022. Kadi yako ya kwanza, tuseme ukweli, ni laini yako.

Sasa, nani anaandika? Benki hupeleka taarifa za wateja wake kwa mashirika yanayoitwa CRB. Yenye leseni ya Benki Kuu ni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Zamani zilizopelekwa ni habari za walioshindwa kulipa tu. Kanuni za 2013 zilibadilisha mambo: hata anayelipa vizuri anaandikwa. Hapo ndipo wengi hawaelewi. Wanadhani CRB ni jela ya wadeni, ukiwa nje uko sawa. La. Ukiwa hujawahi kukopa, faili lako ni tupu, na faili tupu halimwambii mkopeshaji lolote. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900, na kinachozipandisha zaidi ni kulipa kwa tarehe, tena na tena. Ukubwa wa mkopo si hoja sana. Mkopo wa 500 uliolipwa mapema unakufaa kuliko wa 10,000 uliolipwa kwa kuvutana.

Basi mtu anaweza kukopa makusudi, akiwa na pesa ya kulipa tayari mfukoni? Anaweza, na mimi naona mara moja au mbili kwa semista inatosha. Ila hesabu bei. Kwa miaka mingi ada ya M-Shwari ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Kopa 1,000, lipa 1,075. Inaonekana kidogo, lakini ukirudia kila mwezi mwaka mzima umetoa 900 kwa kuzungusha ile elfu moja. Hustler Fund riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, kwa hiyo elfu moja kwa siku 14 inakugharimu kama bob 3 hivi, ingawa asilimia 5 ya mkopo inakatwa iende akiba. Tofauti ya 75 na 3 ni chai na chapati za siku nzima. Soma kiwango kwenye skrini kabla ya kubonyeza, maana hubadilika.

Fuliza nayo ina tabia yake. Inajilipa yenyewe pesa yoyote ikiingia. Mama anatuma 2,000 ya chakula, wewe unaona 1,300. Hapo hujachelewa, sawa, lakini pia hujapanga chochote. Wiki ijayo unafuliza tena kujaza lile pengo, na ada za kila siku zinaendelea kuhesabiwa.

Upande wa pili ndio unaouma. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa mbovu, na jina linapelekwa. Hata ukija kulipa, alama hiyo haifutiki siku hiyo. Hukaa kwenye rekodi miaka 5. Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika 1,000, na makomredi wengi wakasherehekea kana kwamba wamesamehewa. Deni bado lipo, na mkopeshaji bado analiona. Halafu unamaliza chuo, unaomba kazi ya serikali, unaambiwa ulete cheti cha CRB pamoja na cha HELB, cha KRA na cha polisi. Mtu ana digrii mkononi lakini anakwamishwa na elfu mbili za mwaka wa kwanza.

HELB pia ni mkopo, wala si zawadi. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Kama hujapata kazi, waandikie mapema. Kukaa kimya ndiko ghali.

Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kila CRB. Iombe kabla hujafika mwaka wa nne. Angalia mikopo usiyoijua, hasa kama uliwahi kumsajilia rafiki laini kwa kitambulisho chako: alichokopa kwa laini hiyo kimeandikwa kwa jina lako. Ukiona kosa, peleka malalamiko kwa maandishi kwa CRB na kwa mkopeshaji, ambatisha ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulilipa lini, na ubaki na nakala.