Mapafu Yana Mafundi Wake

Ingia jiko lolote la kuni hapa Kolo, kilomita kama 20 kaskazini ya mji wa Kondoa, halafu inua macho. Boriti ni nyeusi tii, na masizi yananing'inia kama nyuzi. Moshi huohuo umepita kifuani mwa mpishi, asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi. Paa haliwezi kujisafisha. Mapafu hujaribu.

Mtu mzima ana vifuko vya hewa kati ya milioni 300 na 500, kila kimoja kidogo kuliko punje ya uwele. Ukuta wa kifuko umetandazwa seli bapa, nyembamba mno, ambazo hewa huzipenya kuingia kwenye damu. Kwenye pembe zimejibanza seli nene kidogo, ziitwazo seli za aina ya pili. Hizi hutoa ute unaozuia kifuko kisinywee na kunata mtu anapotoa pumzi. Mtoto njiti huhangaika kupumua kwa sababu ute huo bado haujamtosha. Lakini seli hizi za aina ya pili zina kazi nyingine: seli bapa ikifa, jirani yake wa aina ya pili hugawanyika, na uzao wake hujitandaza kuziba pengo. Seli yenye uwezo wa kujizalisha yenyewe na kuzaa seli za aina nyingine ndiyo inayoitwa seli shina. Mwaka 2013 maabara ya Brigid Hogan, mwanasayansi Mwingereza katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilithibitisha hayo kwa panya.

Kwa binadamu upo mfano mmoja wa kushangaza. Mwanamke aliyeondolewa pafu la kulia mwaka 1995, akiwa na miaka 33, alipimwa miaka 15 baadaye ikaonekana kwamba pafu lililobaki lilikuwa limeotesha vifuko vipya. Ni nadra, tusidanganyane.

Kinachowashinda mafundi hawa, yaani seli shina za mapafu, ni kovu. Moshi wa kila siku, sigara, vumbi la mawe au kifua kikuu vikiharibu haraka kuliko wanavyojenga, mwili huziba palipoharibika kwa nyama ngumu isiyopitisha hewa. Ndiyo maana mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu na kupona kabisa anaweza bado kuhema akipanda mlima wa hapa Kolo wenye michoro ya miambani. Asinunue dawa tena kwa kubahatisha. Arudi kituoni apimwe makohozi na kifua.

Basi si tuchomwe sindano ya seli shina? Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na uloto huo una seli shina kweli. Ila hizo ni seli za kutengeneza damu. Kwa mapafu yenye makovu, tiba ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida bado haipo popote. Anayekuuzia vidonge au unga wa "seli shina" anakula pesa yako. Seli ni kitu hai; haikai miezi kwenye kopo juani mnadani, na ukiimeza tumbo litaisaga kama nyama nyingine.

Unachoweza kufanya ni kuwapunguzia mafundi kazi. Anika kuni zikauke, kwani kuni mbichi ndiyo mama wa moshi. Kiangazi pika nje. Jiko la ndani litobolewe matundu ya hewa juu ya ukuta, na kama gesi au jiko la umeme viko nje ya uwezo, hata hayo matundu ni kitu. Usipike na mtoto mgongoni: vifuko vyake bado vinaongezeka, na pua yake iko usawa wa moshi wako. Mtoto anayepumua mbiombio huku mbavu zikiingia ndani hasubiri kesho, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kapime kifua kikuu. Kupima ni bure, dawa ni bure, na kwa wengi ni miezi 6 bila kuruka siku.

Na wakati wa kupura uwele, simama upande unakotoka upepo. Mwenye pumu apewe sindano na uzi ashone magunia, mbali na pumba.