Kabla Hujanunua Kipuri cha Bunduki
Mwongozo kwa wasemaji wa Kiswahili, jimbo la Washington

Kwa nini tumeuandika

Tangu sheria ya silaha ya jimbo ibadilike tarehe 25 Aprili 2023, maswali hayakauki mezani kwetu. Wengi wanaouliza ni akina baba na kaka waliojifunza kuwinda kulungu huku ugenini. Bunduki walinunua dukani kihalali, wakajaza fomu namba 4473, wakakaguliwa, wakasubiri siku zao. Sasa wanadhani yaliyobaki ni kama vipuri vya gari: unaagiza, unafunga, unaendelea na safari. Sivyo.

Tunajua wapo wasioamini karatasi ya ofisi yoyote. Aliyetoka mahali ambapo bunduki ni ya askari na ofisi ni ya kukwepwa ana sababu zake. Hatukuombi utuamini leo. Tunakuomba usome kabla ya kulipa.

Kufika kwa kifurushi si ruhusa

Kutoka Spokane hadi mpaka wa Idaho ni chini ya nusu saa kwa gari. Ng'ambo ile, kipuri kinauzwa hadharani. Ng'ambo hii, kipuri hicho hicho kinaweza kukupeleka mahakamani.

Tuseme una bunduki ya kuwindia inayojipakia risasi yenyewe, yenye magazini ya kuchomoa. Ni halali. Mtandaoni unaona kitako cha kukunja, ukapenda kwa kuwa bunduki itaingia vizuri kwenye buti. Kadi imekubali, mleta mizigo amegonga mlango, umekaza skrubu, umelala. Asubuhi machoni pako bunduki ni ile ile. Kisheria imeingia kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku kutengenezwa, kuuzwa au kuingizwa jimboni. Kwa bunduki ya namna hiyo, kimoja tu kati ya hivi kinatosha:

- kitako cha kukunja au cha kurefusha;
- mshikio wa bastola, nyuma ya kifyatulio au mbele;
- mtutu wenye nyuzi za skrubu mdomoni;
- kifaa cha kuficha mwako wa risasi au kupunguza msukumo wa bunduki kurudi nyuma.

Hata kama hujakikaza, sheria inatazama pia vipuri vilivyo mikononi mwa mtu mmoja vinavyoweza kuunganishwa kuwa silaha hiyo. Kukiacha ndani ya boksi si kinga.

Magazini ya zaidi ya risasi 10 nayo hairuhusiwi kuuzwa wala kuingizwa jimboni tangu tarehe 1 Julai 2022. Unahama kutoka Texas na vitu vyako vyote? Uliza kabla ya kupakia gari. Kuvuka mpaka navyo ni kuviingiza.

Tunarudia: duka kukuuzia si ruhusa. Kufika kwa kifurushi si ruhusa.

Serikali mbili, mnunuzi mmoja

Juu ya sheria ya jimbo ipo ya shirikisho. Kila bunduki ina sehemu moja iliyo kama chesisi ya gari: ndiyo yenye namba, na kisheria ndiyo bunduki yenyewe, hata ikiwa tupu bila mtutu. Hiyo hainunuliwi kienyeji. Hupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Vifurushi vya kujiundia bunduki nyumbani navyo vinaweza kuhesabiwa kuwa bunduki. Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha kanuni inayovihesabu hivyo isimame mwezi Machi 2025. Na ukifunga mtutu mfupi kuliko inchi 16 bila kuidhinishwa na kusajiliwa kwanza, kifungo chaweza kufika miaka 10.

Hatari tunayoiogopa kuliko zote

Kuvunja marufuku ya jimbo ni kosa la hadi siku 364 jela na faini ya hadi dola 5,000. Wengine husema, "Nitalipa, yataisha." Kwa asiye raia, hayaishi hapo. Sheria ya uhamiaji inaruhusu kumfukuza nchini aliyetiwa hatiani kwa kununua, kuuza au kumiliki kinyume cha sheria silaha, kipuri au kifaa kinachohesabiwa kuwa bunduki. Ukishakaza kile kitako, kesi si ya kitako tena. Ni ya bunduki nzima. Miaka ya kambi ya wakimbizi, mahojiano ya kuja huku, watoto walio shuleni: vyote vinawekwa rehani kwa skrubu mbili.

Nani anaruhusiwa

Raia na mwenye grini kadi, asiye na zuio jingine la kisheria; wengine wasio raia huhitaji leseni maalumu ya silaha. Bunduki ya kujipakia: miaka 21. Kuanzia tarehe 1 Mei 2027 mnunuzi atahitaji kibali. Usimnunulie ndugu asiyeruhusiwa: kifungo ni hadi miaka 15.

Fanya hivi

1. Andika jina kamili la bunduki yako na la kipuri unachotaka.
2. Vipeleke kwa muuzaji mwenye leseni wa hapa Washington, si wa ng'ambo. Akisita, acha.
3. Umeshanunua? Usikifunge, usikiuze, usikirudishe Idaho, usikipeleke polisi mwenyewe. Mwone kwanza wakili, na kama si raia, awe anayejua uhamiaji.

Ofisi yetu imeeleza haya makanisani, misikitini na majumbani kwa watu, kwa Kiswahili, na haitachoka. Mlango uko wazi kabla hujalipa. Ukija baada ya kukamatwa, tutakachoweza kukupa ni namba ya wakili.