Mchezo wa Watoto Vipofu

Ada mbaya imewaenea watu: mtoto akizaliwa kipofu hufichwa ndani, na kumwonea huruma hudhaniwa ndiko kumtunza. Walakini huruma isiyomtoa nje ni kifungo.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alimfanya Ibn Umm Maktum, naye ni kipofu, kuwa mmoja wa waadhini wake, na akamwachia Madina aliposafiri. Hakumkalisha ndani.

Huko bara, Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma, ipo shule ya watoto vipofu iliyoasisiwa mwaka 1950. Watoto kama hao wanao mchezo wao, goliboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Kila upande huwa na wachezaji 3, wote wamefungwa macho ili wawe sawa. Mpira una njuga ndani, na mistari ya uwanja hutiwa kamba chini yake, ipate kujulikana kwa kupapasa. Watazamaji hunyamaza mpira ukiwa unachezwa.

Basi yawapasa jamaa na majirani, bara na pwani, mambo manne: kumtoa mtoto nje, kumpa kiwanja, kumnunulia mpira, na kunyamaza apate kusikia. Mawili katika haya hayana gharama. Atakayeyaacha ana udhuru gani?