Koaksia ya Steji, Koaksia ya Sebuleni: Usianze na Wati

Kaa nyuma ya mikisa siku ya tamasha la kwaya uone. Mwimbaji anamgeukia fundi na kunyoosha kidole juu: niongezee. Fundi anaongeza, maiki inapiga mluzi, watu wanaziba masikio, fundi anapunguza, mwimbaji ananuna. Mara nyingi sauti haikuwa ndogo. Mwimbaji alisogea hatua moja pembeni, basi, na hatua hiyo ikamtoa kwenye sauti yake mwenyewe.

Chukua monita, ile spika inayomwelekea mwimbaji, iliyolazwa kwa ubavu, wufa upande huu na honi upande ule, vitovu vyake vikiwa na umbali wa sentimita 25. Pale ambapo wufa inaiachia honi kazi, tuseme 1,800Hz, wimbi moja la sauti lina urefu wa sentimita 19 hivi. Ukisimama katikati, sauti zote mbili zinakufikia pamoja. Ukisogea pembeni kiasi cha nyuzi 22, moja inachelewa kwa nusu wimbi na zinauana. Kwa aliyesimama mita moja na nusu kutoka kwenye monita, nyuzi 22 ni sentimita 60 tu. Na shimo hilo linaangukia kwenye masafa yanayobeba matamshi, kwa hiyo mwimbaji anasikia mngurumo wake lakini hasikii maneno yake.

Koaksia ya steji inatibu hilo kwa kuweka yuniti ya honi nyuma ya sumaku ya wufa, sauti yake ikipita kwenye tundu la katikati ya koni. Besi na sauti nyembamba vinatoka kitovu kimoja. Mwimbaji aende kushoto, aende kulia, ainame kuokota karatasi ya nyimbo, anachosikia hakibadiliki ghafla. Usiichanganye na spika za gari zinazouzwa kwa jina hilohilo, zile zenye twita iliyosimamishwa juu ya kijiti mbele ya koni. Hizo zifunge kwenye mlango wa gari, uziache huko.

Wazo lenyewe ni la zamani. Altec Lansing ya Marekani ilikuwa na Duplex 604 miaka ya 1940, Tannoy ya Uingereza ikaleta Dual Concentric mwaka 1947, na mwaka 1988 KEF ikaja na Uni-Q yake, ambayo twita yake ndogo imekaa palepale koni inapoanzia. Altec na Tannoy zilizoea studio. Uni-Q iliingia sebuleni. Mpaka leo tofauti hiyo ya spika za kazi na za nyumbani ipo, na ndiyo inayowachanganya wanunuzi wengi.

Sasa dukani. Muuzaji atakwambia wati kabla hujauliza. Mwache amalize, kisha uliza wati za namna gani, maana spika hiyohiyo inaweza kuandikwa 300 za mfululizo, 600 za programu na 1,200 za kilele. Shika ile ya mfululizo. Halafu angalia desibeli inazotoa kwa wati moja ukiwa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hapo ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Koaksia ya desibeli 98 iliyopewa wati 100 inapiga sawa na ya desibeli 95 iliyopewa wati 200, tena koili yake haichemki kama ile nyingine. Kwa monita ya inchi 12, mimi chini ya 96 sinunui.

Jambo ambalo wengi hawalisomi ni masafa ya krosova, pale wufa inapoiachia honi kazi. Mtengenezaji akiandika 1,600Hz, hiyo ndiyo sakafu. Usishuke chini yake. Nilijifunza kwa gharama. Nilidhani nikishusha hadi 900Hz sauti za wanawake zitakuwa tamu zaidi. Zilikuwa tamu kweli, kwa jioni moja. Wiki hiyo niliunguza dayaframu mbili za honi, na ya pili ilikufa katikati ya ibada. Yuniti yenye dayaframu ya inchi moja haiwezi kubeba kazi ya yenye inchi tatu, hata kama zimefungwa kwenye koni zinazofanana. Ukitaka kukata chini, lipia dayaframu kubwa.

Krosova yenyewe, kama si ya kidijitali, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya spika hiyohiyo. Yuniti ya honi kwa kawaida ina sauti kubwa kuliko wufa, kwa hiyo lazima ipunguzwe, na iko nyuma kwa sentimita kadhaa. Ikiwa nyuma sentimita 7, sauti yake inachelewa milisekunde 0.2. Mwenye prosesa ataichelewesha wufa kiasi hicho na mambo yatanyooka. Mwenye krosova ya kuokoteza hana pa kurekebishia.

Koaksia nayo ina ugonjwa wake. Koni ya wufa ndiyo ukuta wa mwisho wa honi. Koni ikitembea sana kwa besi, ukuta unatikisika na sauti nyembamba inatikisika nao. Ili usikie, weka wimbo wenye gitaa zito la besi na sauti ya mwanamke, kisha ongeza. Sauti ikianza kutetemeka kama mtoto anayeimba mbele ya feni, umeifikisha koni mahali isipotakiwa kwenda. Dawa ni kuinyima besi ya chini. Monita ya steji ikate chini ya 90 au 100Hz. Mwimbaji haihitaji, na sabufa za mbele zinamfikia bila kualikwa. Maiki ikiwa ya kadioidi, iweke monita nyuma yake kabisa. Ikiwa supakadioidi, isogeze pembeni, maana nyuma kabisa bado inasikia.

Nyumbani hesabu inageuka. Unakaa mita mbili kutoka kwenye spika, na muda mwingi hutumii hata wati mbili. Koaksia ya steji yenye desibeli 97 hapo itakusikilizisha mpaka mchemko wa amplifaya wimbo ukiwa umesimama. Kwa sebule au chumba cha kurekodia, inchi 6 au 8 zinatosha, ingawa najua wapenzi wa Tannoy za inchi 15 watanikasirikia. Faida kubwa ni kukaa karibu: hata ukiwa hatua moja tu mbele ya spika, fidla na kanuni ya taarabu zinabaki kitu kimoja, hazigawanyiki juu na chini. Usizielekeze moja kwa moja sikioni. Koaksia nyingi zina kijinundu pale mbele kabisa, kwa sababu kila ukingo uko umbali mmoja kutoka kitovuni. Zigeuze nyuzi 10 hadi 15 na kijinundu hicho kinapungua. Kwa hiyo mchoro wa masafa wa nyuzi 0 peke yake haukuambii kitu. Tafuta wa 15 na wa 30. Na besi usiitegemee: koni za spika za kazi ni nyepesi na ngumu, zitakuomba sabufa.

Kabla hujatoa hela, omba kuishika. Isukume koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa, ikikwaruza, irudishe. Chukua mita, pima nyaya za wufa na za honi, kila moja peke yake: spika ya omu 8 husoma kati ya 5 na 7 hivi. Moja isiposoma chochote, koili imekatika. Ikiwa kitundu cha katikati kimezibwa kwa kofia ngumu badala ya wavu au kitambaa, hiyo si koaksia, hata boksi liandikwe nini.

Mwisho, muulize muuzaji dayaframu ya akiba ya yuniti hiyo inapatikana wapi na ni bei gani. Akisita, nunua modeli nyingine.