Kidumu Kinachonuka Dawa

Bwana Mshauri, binti yangu yuko darasa la tano. Juma lililopita alirejea kutoka shuleni na kidumu cha lita tano kisichokuwa chetu, akaniambia mwalimu wa elimu ya kujitegemea amewagawia wale ambao vidumu vyao vimepasuka, ili asikosekane mtoto wa kuleta maji asubuhi. Nilipokifungua nikasikia harufu ya dawa ya viwavijeshi. Nimekisugua kwa majivu na mchanga mara nne, harufu haijaisha. Mwalimu mwenyewe ni shemeji yangu, tumbo moja na mume wangu, na hapa mtaani anaheshimika. Nikisema, nitaambiwa namwaibisha. Nikinyamaza, sipati usingizi. Je, nikitie mafuta ya taa, mambo yaishe? — Mama wa Muheza

Mama, waraka wako nimeusoma mara mbili, na mara zote mbili nilisita pale uliposema umekisugua mara nne, kwani mtu asuguaye chombo mara nne amekwisha kujijibu moyoni, ila anatafuta shahidi. Basi shahidi ndiye mimi: kidumu hicho kisitiwe maji, wala mafuta ya taa, wala kitu kingine chochote. Plastiki si kaure. Hunywa dawa iliyokaa ndani yake, kisha ikaitoa kidogo kidogo, na majivu yako, hata ukiyaongeza, kazi yake huishia juu juu. Na hayo mafuta ya taa, leo wewe unajua kilichomo, lakini siku utakapokuwa umekwenda matangani na jirani akaja kuazima kidumu, nani atamweleza? Zamani sisi tulitumwa dukani kununua mafuta ya taa kwa chupa ya soda, hata mdogo wetu mmoja akaipiga funda akidhani ni soda kweli. Alipona, alhamdulillahi, lakini kifua kilimsumbua siku nyingi, na tangu hapo marehemu bibi hakukubali chupa ya kinywaji ivuke kizingiti chake na kitu kingine ndani.

Khofu yako, basi, si ya kujitungia. Mwezi wa Julai 2013, katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, huko Bara Hindi, watoto waliandaliwa wali na mchuzi wa soya na viazi kwa chakula cha mchana, na 23 kati yao wakafariki dunia. Mafuta yaliyopikiwa yalipochunguzwa yakakutwa na monokrotofosi, dawa kali ya kuulia wadudu, na wakubwa wa huko wakaeleza kwamba yumkini yaliwekwa katika chombo kilichokuwa na dawa hiyo. Lililonikaa mimi rohoni ni jambo jingine. Mpishi, kwa ushuhuda wake, aliyatilia shaka mafuta yale akamwambia mwalimu mkuu, na watoto nao wakalalamika kwamba chakula kina ladha mbaya. Lakini neno la mpishi na neno la mtoto halikuwa na uzito mbele ya neno la mkubwa, na watoto wakala. Mwalimu mkuu yule alihukumiwa kifungo mwaka 2016.

Sasa shemeji yako. Sidhani kwamba ana nia mbaya. Aliona watoto hawana vidumu, akaona madumu matupu ya dawa yamejaa stoo ya shule, akayakutanisha. Nenda kwake na mume wako, jioni hii hii, nyumbani kwake na si barazani penye watu, wala usianze na lawama. Mpe kidumu akinuse mwenyewe, kisha mwulize vingine viko kwa watoto gani, maana binti yako ana mama aliyenusa, na wenziwe huenda hawakubahatika. Vikusanywe vyote kesho kabla watoto hawajakwenda kuchota. Akikubali, heshima yake imebaki mahali pake na hapana aliyejua. Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu, na akisitasita huyo, kamati ya shule ipo na bwana shamba wa kata yupo. Subira ya usiku mmoja naielewa. Ya juma zima, kwa ajili ya kuchunga undugu, siielewi.

Na maadamu utakuwa umeketi naye, mwulize pia nani anayebeba bomba la kupulizia dawa mahindi ya shule. Ikiwa ni wanafunzi, hilo nalo likome, kwani mtoto, kwa kadiri ya uzito wake, huvuta hewa na hunywa maji kuliko mtu mzima, na kiasi kinachomtia baba kizunguzungu chaweza kumwangusha mwanawe. Dumu likiisha dawa husuuzwa mara tatu, maji ya suuzo yakarudishwa bombani yakapulizwe shambani, kisha likatobolewa ili asipatikane wa kulitamani. Lisichomwe moto, wala stoo yake isiwe ile ile ya unga na maharage.

Mtoto akianza kutokwa mate na machozi, mboni zikasinyaa kama tundu la sindano, akatokwa jasho, akatapika au kifua kikabana, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni hospitali pamoja na lebo ya dawa, kwa kuwa tabibu akijua jina la sumu hujua aanzie wapi. Msimtapishe kwa nguvu, wala msipoteze saa kuzunguka mtaani mkitafuta maziwa.

Hicho kilichomo nyumbani mwako kitoboe kitako kwa msumari ukiisha kumwonyesha shemeji yako, umwachie akitie pamoja na vyenziwe. Kesho asubuhi mwazimie binti kidumu kwa jirani, kile ulichokiona kwa macho yako kikitoka dukani na mafuta ya kupikia.