Leseni Ninayo, Mikono Inatetemeka

Barua ya wiki hii imetoka Kalenga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Aliyeiandika ni binti mwenye stashahada ya uuguzi na ukunga. Alifanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, akapata leseni, kisha akakaa nyumbani zaidi ya mwaka akimsaidia mama yake kuuza nyanya huku akisubiri ajira zitoke. Sasa zimetoka. Jina lake limo, amepangiwa kituo cha afya katika halmashauri moja ya Mkoa wa Mbeya, na amepewa siku 14 za kuripoti.

“Nyumbani wanashangilia, mimi silali,” anaandika. “Tangu nimalize chuo sijashika sindano. Naota niko leba peke yangu usiku, mama anatokwa damu, nami nimesahau kila kitu. Halafu nasikia wauguzi wa zamani huwagombeza wapya mbele ya wagonjwa. Je, nimeingia kazi isiyo yangu? Nifanye nini kabla ya kuripoti?”

Swali lake la kwanza lina jibu fupi: hapana, hajakosea kazi. Mwaka 1974 Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitoa kitabu kizima kuhusu mshtuko wanaoupata wauguzi wapya wanapotoka chuoni na kukuta wodi haifanani na somo. Miaka kumi baadaye mwenzake, Patricia Benner, alieleza kwamba muuguzi huanza kuimudu kazi sawasawa baada ya miaka miwili au mitatu katika mazingira yale yale. Miaka miwili au mitatu, tena akiwa kazini. Binti wa Kalenga anajitaka awe na umahiri huo kabla ya zamu yake ya kwanza, na hapo ndipo asipojitendea haki.

Lakini hofu yake ina sehemu ya kweli ambayo safu hii haitaipuuza. Mkono usiotumika hupoa. Ushahidi wake uko hapa hapa nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, yale yanayosisitiza ile dakika moja ya dhahabu: mtoto akishindwa kuvuta pumzi, awe ameanza kupuliziwa hewa kabla sekunde 60 hazijaisha. Baadaye walipopimwa kwa mwanasesere, walikuwa wameboreka sana. Watafiti walipotazama leba yenyewe, kwa watoto wenyewe, utendaji haukuwa umebadilika.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kidogo mno. Mwanasesere aliletwa karibu na leba, na wahudumu wakaanza kufanya mazoezi ya dakika chache kila wiki, na marefu kidogo kila mwezi, wenyewe kwa wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takribani 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hospitali ni ile ile. Mikono ndiyo ilikuwa imepata moto.

Kwa hiyo dawa ya kukosa usingizi kwa binti huyu haipo kwenye kurasa za madaftari ya chuo. Hospitali ya Tosamaganga iko jirani na kwao. Aende na leseni yake mkononi, amwone metroni, aeleze kwamba amepangiwa kazi na anaomba siku tano za kukaa nyuma ya muuguzi mzoefu. Kama kuna mahali pengine karibu wanapomfahamu, hata zahanati, aombe huko pia. Aombe kazi ndogo ndogo: kuweka kanula, kupima presha, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kujaza partografu. Akirudi nyumbani jioni apige hesabu za dripu mpaka zimtoke bila kufikiri. Lita moja kwa saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo humsumbua mtu saa tisa usiku, wala si kwenye chumba cha mtihani.

Sasa ile ndoto. Ni vizuri akiipangia hatua, kwa maana ndoto isiyo na hatua ndiyo inayotisha. Mama amejifungua na damu inazidi: kwanza aite mtu, kwa sauti, bila haya. Mkono mmoja uende tumboni kusugua mfuko wa uzazi hadi ukaze. Ahakikishe ile oksitosini ya yuniti 10, ambayo kila mama huchomwa msulini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, kweli ilichomwa. Mshipa ufunguliwe na dripu ianze, kibofu kitolewe mkojo, kondo la nyuma likaguliwe kama limetoka lote, njia iangaliwe kama imechanika. Wakati huo mwenzake awe anapiga simu ya rufaa. Haya yote aliyasoma. Ayaseme kwa mdomo akitembea uani, mikono ikifanya kama inafanya, hadi mama yake amuulize anaongea na nani.

Na akifika kituoni, jambo la kwanza kutazama liwe kabati la dharura. Oksitosini iko wapi na friji yake inafanya kazi? Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba ipo, na kalisiamu glukoneti ya kuizuia ikizidi iko kando yake? Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa umeunganishwa au vipande vyake vimetawanyika? Muuguzi anayejua vitu hivyo viko wapi hufanya kazi gizani umeme ukikatika. Asiyejua hupekua madroo mama akiendelea kumwaga damu.

Kuhusu wauguzi wakubwa, safu hii haitamdanganya. Wapo wanaogomba. Baadhi, wakiwa wawili tu, wamebeba wodi iliyohitaji watu sita, na mgeni anayeuliza uliza huwaongezea mzigo. Hilo halihalalishi kumvunjia mtu heshima mbele ya mgonjwa, na anayefanya hivyo anakosea. Hata hivyo ipo namna ya kuuliza inayofungua milango: “Dada, nimehesabu dozi hii hivi, naomba uniangalizie kabla sijachoma.” Aliyeulizwa hivyo anaona mtu aliyefikiri kwanza. Kinyume chake ni kukaa kimya kwa kuogopa kuchekwa, na kosa la dozi huanzia kwenye ukimya huo. Akigombezwa mbele ya wagonjwa, amalize kazi iliyo mkononi, kisha amfuate mkubwa huyo faragha na amwambie kwa adabu kwamba anapenda kusahihishwa, ila pembeni. Ikiendelea, mfawidhi wa kituo yupo kwa ajili hiyo.

Wakati wa kupokea zamu asikubali kupokea wodi mlangoni. Wapite kitanda kwa kitanda, amwone kila mgonjwa kwa macho yake, aulize dawa ya mwisho ilitolewa saa ngapi. Kila alichofanya akiandike pale pale, kwenye faili na kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za kituo, kile cha namba 12 akiwa leba. Kesi ikizuka, na kesi huzuka hata kwa wauguzi wazuri, maandishi yake ndiyo yatakayomsemea.

Mambo ya ofisini ni mepesi akiyaandaa mapema: vyeti halisi na nakala, leseni hai, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, akaunti ya benki. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa mpaka taarifa zake ziingie kwenye mfumo na apate cheki namba, kwa hiyo asisafiri mikono mitupu akitegemea mwisho wa mwezi. Ulizo la posho ya kujikimu alipeleke kwa ofisa utumishi siku ile ile anayoripoti. Aijue pia hesabu ya makato: asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 ya bima ya NHIF, kodi ya mapato, na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 inakatwa. Amweleze mama yake hesabu hiyo kabla ya kupanda basi. Kijana anayeahidi nyumba ya bati kwa mshahara wa kwanza hujikuta anakopa kabla hajathibitishwa kazini, na kuthibitishwa huja baada ya miezi 12 ya majaribio.

Huko aendako, “Kamwene” aliyozoea kuwasalimu wazee wa Kihehe haitamfikisha mbali. Kama ni upande wa Wanyakyusa, ataisikia “Ugonile” tangu stendi. Ajifunze salamu kabla ya kingine chochote, kwa sababu mjamzito anayesalimiwa kwa lugha ya nyumbani kwake husema mapema kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, na dalili hizo mkunga anazihitaji mapema.

Neno moja kwa wafawidhi wanaosoma safu hii. Huyu binti, na wenzake walioripoti au watakaoripoti mwaka huu, wasipewe zamu ya usiku peke yao katika wiki zao za kwanza. Wapangiwe mchana, wafuatane na mkunga mmoja anayejulikana kwa subira, na waonyeshwe kabati la dharura siku ya kwanza. Ratiba ya zamu huandikwa na mfawidhi, na mabadiliko hayo hayahitaji bajeti.

Na wewe, mdogo wetu wa Kalenga: kesho asubuhi vaa sare yako, chukua leseni, panda bodaboda uende Tosamaganga ukamwone metroni. Ukimaliza mwezi wa kwanza kazini, tuandikie tena.