Nyasi za Baba Mkwe Zimekauka

*Shangazi, tunakaa Makomeno, hapa Lubumbashi, katika lupango alilotuachia baba mkwe. Alifariki mwezi wa tatu, nyasi zake zikiwa kijani kibichi, na kitandani aliniomba nizitunze. Tangu Juni zimekauka, zimekuwa rangi ya mkeka. Kila jioni mimi na watoto tunamwaga bidoni kumi, wapi! Mama mkwe anasema nimeziua, na mwezi wa nane jamaa wanakuja kumaliza kilio. Shemeji aliye Texas anataka nipande mbegu za nyasi za baridi. Mlinzi anasema nichome moto, zitachipua. Nimechoka. – Mkwe, Makomeno*

Mwanangu, pole kwa msiba. Weka bidoni chini kwanza. Hujaua kitu.

Chukua jembe, chimbua kipande cha ukubwa wa kiganja, ukung'ute udongo. Utaona vishina vinene vinavyotambaa chini kwa chini. Vikiwa vyeupe na vigumu, nyasi ni hai. Vikivunjika kama njiti ya kiberiti, hapo tu ndipo pamekufa. Paspalum na ukoka, nyasi za malupango yetu, ni nyasi za joto. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10, na mvua hukatika Mei hadi Oktoba. Nyasi huacha majani yafe, zikaficha uhai wao ardhini. Zimelala.

Shemeji wako anasema kweli ya huko aliko. Mashariki ya Texas baridi huja pamoja na mvua, kwa hiyo watu hupanda raigrasi, nyasi ya baridi, juu ya nyasi zilizolala. Kwetu baridi na ukame hufika siku moja. Mbegu hiyo hutaka maji kila siku mpaka iote, nawe unabeba maji kichwani. Mwambie asante, pesa ya mbegu aitume kwa ajili ya kilio.

Moto, hapana kabisa. Mlinzi ameona pori likichipua baada ya kuungua, lakini pori halina nyumba ya jirani nyuma ya ukuta. Tena udongo ukibaki wazi, upepo wa Agosti huuchukua wote.

Maji ya jioni yaache. Bidoni kumi kila siku hulowesha udongo wa juu tu, na nyasi hulala na umande wa baridi, ndipo ukungu unapoingia. Kama maji yapo, mwagilia mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, asubuhi jua likishapanda, polepole mpaka unyevu ushuke chini. Kama bomba limekauka, maji yaende jikoni. Nyasi zenye mizizi mizuri zitasubiri. Usizikate sasa, wala usitie mbolea; samadi ya kuku iliyooza ngoja uimwage Novemba, mvua ikishashika.

Ninachokiogopa mimi ni hiyo siku ya kilio. Nyasi iliyolala haiwezi kujiponya ikikanyagwa. Hema lisimamishwe upande uliofagiliwa, magari yabaki barabarani, na mbabula hata moja isiwekwe juu ya nyasi: makaa yakidondoka, hapo pataungua hadi mizizi. Mwombe mume wako awaambie ndugu zake yeye mwenyewe. Neno hilo likitoka kwako litasikika vibaya.

Na mama mkwe? Amemzika mume juzi tu, na kila akifungua mlango anaona kazi ya mikono ya marehemu ikinyauka. Usishindane naye. Mkaribishe asubuhi, mchimbue pamoja kile kipande, umpe kishina cheupe akishike mwenyewe.

Majani mapya mtayaona Novemba, mvua zikishanyesha wiki mbili hivi.